Kabla ya kuzilaani TV za mtandaoni, tupige hesabu

Mtu maarufu akifariki Dar es Salaam, huna haja ya kusubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Saa moja haijaisha, YouTube ina video kumi, kila moja na picha ya mbele yenye duara jekundu, mshale, uso wa mjane na herufi kubwa: MAPYA YAIBUKA. Ukifungua unamkuta jirani anaeleza kwa dakika tisa kwamba yeye hajui kitu, alisikia kelele tu akatoka nje. Kesho yake yanafuata maneno yale yale kutoka kwa wahariri wakongwe, wanasiasa na watu wa kawaida: hawa wa TV za mtandaoni hawana maadili, hawana shule, wamevamia fani, wafungiwe.

Sehemu ya lawama hiyo ni ya haki na nitaifikia. Kasoro yake ni kwamba inamtazama aliyeshika maiki na kumsahau anayemlipa. Kwa nini dakika tisa na si tatu? Kwa nini jirani na si daktari? Kwa nini kichwa cha habari kisichosema kitu? Ukiyachukulia yote hayo kuwa ni tabia mbaya tu, utakuwa umeacha nusu ya habari yenyewe. Yana bei, na masharti ya bei hiyo yako wazi kwa yeyote mwenye subira ya kuyasoma.

Tuanzie mlangoni. Chaneli haianzi kulipwa kwa matangazo hadi ifikishe watu 1,000 waliojiandikisha, pamoja na ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 iliyopita, ama Shorts, zile video fupi za wima, zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kigezo cha saa kilianza mapema mwaka 2018. Kabla yake ilitosha chaneli kutazamwa mara 10,000 tangu izaliwe. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Ikiwa mtazamaji wako wa kawaida anakaa dakika tatu, video zako lazima zifunguliwe mara 80,000 kabla hujaona senti. Akikaa dakika sita, mara 40,000 zinatosha. Muda unaotazamwa kwenye mkondo wa Shorts hauingii katika saa hizo. Kwa hiyo kijana anayetoa habari fupi, safi, ya dakika mbili, iliyohaririwa vizuri kama walivyomfundisha chuoni, anachelewa mlangoni kuliko mwenzake aliyewasha kamera msibani na kuiacha ikirekodi saa nzima. Matangazo ya moja kwa moja yakibaki hadharani baada ya kumalizika nayo yanahesabiwa, na ndiyo maana utaona kamera imesimama nje ya geti la hospitali dakika 50 bila lolote kutokea.

Akishaingia, kuna mgao. Kwenye video ndefu mwenye chaneli anachukua asilimia 55 ya mapato ya tangazo na YouTube inabaki na 45. Kwenye Shorts, tangu Februari 2023, mtengenezaji anapata asilimia 45 ya fungu lililopangiwa video zake. Wengi wakifika hapa wanapiga kelele kwamba wananyonywa kwenye mgao. Mimi sioni hivyo. Asilimia 55 ya shilingi kumi ni shilingi tano na nusu, na hata ukipewa asilimia 80 bado utakuwa na shilingi nane. Tatizo ni hiyo kumi yenyewe.

Tangazo linauzwa kwa mnada kila mara video inapofunguliwa. Wanaonadi wanashindania macho ya mtu mmoja, kwenye simu moja, katika nchi moja. Macho ya mtu wa Mbagala yanagombewa na kampuni chache: mtandao wa simu, benki moja au mbili, programu ya mikopo. Macho ya Mtanzania aliyehamia Minneapolis yanagombewa na bima za magari, mawakili, vyuo na wauza nyumba. Video ni ile ile, maneno ni yale yale ya Kiswahili, ila bei zinatofautiana mara nyingi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Namba ni za kupigia hesabu tu. Video imetazamwa mara 100,000. Mara 95,000 ni Afrika Mashariki, na tuseme kila elfu inamwachia mwenye chaneli senti 40 za dola: hiyo ni dola 38. Mara 5,000 ni Marekani, kwa dola 4 kila elfu: dola 20. Jumla 58. Tangu Juni 2021 Google, mmiliki wa YouTube, inakata kodi ya Marekani kwenye mapato yatokanayo na watazamaji walioko huko, na kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, makato ni asilimia 30 kamili. Dola 20 zinakuwa 14, jumla inashuka hadi 52. Dola moja ikiwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 130,000.

Tukae hapo kidogo, maana hapa ndipo penye mambo. Shilingi laki moja na thelathini kwa video iliyotazamwa mara laki moja, na laki moja si kitu kidogo. Chaneli nyingi haziifikii kwa video ya kawaida. Sasa fikiria habari ya mafuriko Rufiji. Mwandishi mmoja na mpigapicha mmoja, siku mbili: nauli au mafuta, mahali pa kulala, chakula, bando la kupakia faili nzito kutoka mahali ambapo mtandao unasuasua. Laki tatu zinakwisha bila anasa yoyote. Ili zirudi, video hiyo moja inahitaji kutazamwa zaidi ya mara 230,000, na bado hujamlipa mtu mshahara. Jirani wa marehemu Sinza anapatikana kwa nauli ya bodaboda na nusu saa ya kuhariri. Akitazamwa mara 20,000 tu ameleta shilingi 26,000, na kwa siku moja unaweza kuwapata majirani wanne.

Angalia pia hao watazamaji 5,000 wa Marekani. Ni mmoja kati ya kila ishirini, lakini kabla ya kodi walileta zaidi ya theluthi ya fedha yote, na hata baada ya kodi bado zaidi ya robo. Mtazamaji wa Uingereza au Muscat ana thamani yake pia, na yeye hakatwi hiyo kodi ya Marekani. Chaneli inayojua hesabu hii haitaandaa kipindi juu ya bei ya mahindi Kibaigwa. Itaandaa kile ambacho mtu aliyeondoka nyumbani miaka kumi iliyopita anakitamani: misiba, harusi, ugomvi wa wasanii anaowakumbuka, siasa zenye joto. Ukimuuliza mhariri kwa nini habari za wilayani hazionekani, atakutajia bajeti. Ni kweli, ingawa haitoshi. Hata bajeti ikipatikana, soko linamvuta kwingine.

Urefu wa dakika tisa nao una maelezo. Matangazo ya katikati ya video yanaruhusiwa kwenye video za dakika nane na kuendelea. Hadi Julai 2020 kiwango kilikuwa dakika kumi. Anayekumbuka YouTube ya miaka ile atakumbuka video zilizokuwa zikiishia dakika ya kumi na sekunde chache. Sasa zinaishia ya nane na nusu. Jirani anaulizwa swali lile lile mara tatu kwa maneno tofauti, na kila mara anajibu kwa uungwana. Sisi tunamwona mwandishi hajui kuuliza. Yeye anatazama saa.

Lakini jambo linalonifanya niwatetee watu hawa kuliko yote ni dola ya njano.

Kila video kwenye chaneli inayolipwa hupewa alama ya dola. Ya kijani maana yake inapokea matangazo ya aina zote. Ya njano maana yake matangazo yamebanwa, au hakuna kabisa. Vigezo vinatokana na kile ambacho watangazaji hawapendi bidhaa zao zikae karibu nacho: ukatili, ajali zenye picha za majeruhi, vifo, silaha, dawa za kulevya, matukio ya majonzi yanayoendelea. Habari na elimu hupewa nafasi kidogo, ila mwamuzi wa kwanza ni mashine, inayopitia kichwa, picha ya mbele, maelezo na yaliyomo. Video ya ajali ya basi, yenye Kamanda wa Polisi akitaja idadi ya waliofariki, chanzo, namba za simu kwa ndugu na hospitali walikopelekwa majeruhi, iko kwenye hatari ya njano. Video ya wasanii wawili wanaorushiana maneno juu ya urithi wa marehemu inapita na kijani chake bila bughudha.

Mwenye chaneli anaweza kuomba binadamu aipitie. Jibu linaweza kuchukua hadi siku saba. Habari ya ajali inatazamwa leo na kesho. Siku ya saba inakuwa imeshazikwa na habari nyingine. Hata kijani ikirudi, waliotazama wameshatazama bure. Kwa maneno mengine, habari ambayo jamii inaihitaji zaidi, ile ya kuokoa ndugu asihangaike kutoka hospitali moja hadi nyingine, ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kutolipa kitu. Na hakuna aliyekaa chini Dar es Salaam akapanga iwe hivyo.

Ukishaelewa hilo, MAPYA YAIBUKA inaanza kusomeka upya. Kichwa kinachosema "Watu wanane wafariki ajalini" kinamsaidia msomaji na kinamponza mwenye chaneli. Kichwa kinachosema "Kilichotokea usiku huu, hutaamini" kinamsumbua msomaji, lakini hakina neno la kifo, hakina neno la damu, tena kinamlazimisha mtu afungue ndipo ajue. Kina faida pande mbili. Wanaosema vichwa hivi ni ulaghai wa kuvuta watu wako sahihi, ila wameona upande mmoja tu wa sarafu. Upande wa pili ni woga wa dola ya njano.

Halafu kuna kulipwa kwenyewe. Fedha zinapitia AdSense, akaunti ya Google ya kulipia matangazo. Salio likifika dola 10, Google inatuma namba ya siri kwa posta ili kuthibitisha anwani. Kwa kijana wa Tabata asiye na sanduku la posta, hapo ndipo safari inapokwama: anatumia S.L.P. ya shule aliyosoma au ya kanisa, jina halifanani na lililo kwenye akaunti, bahasha inapotea kwenye rundo la barua. Wiki nne zinapita, anaomba nyingine. Akishindwa kuthibitisha ndani ya miezi minne, matangazo yanasimamishwa. Hatua ya busara ni kuandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, kuandika S.L.P. ya mtu unayemjua na kumwambia mapema aitarajie, na kuhifadhi picha ya kitambulisho kwa sababu baada ya maombi kadhaa kushindikana unaweza kuruhusiwa kuthibitisha kwa nyaraka. Malipo hutolewa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi, na salio likiwa chini ya dola 100 linasogezwa mwezi unaofuata. Chaneli ndogo inaweza kukaa miezi mitano ikisubiri kufikisha hiyo mia.

Fomu ya kodi, W-8BEN kwa mtu binafsi, ndiyo wengi wanaipuuza kwa sababu imeandikwa kama ni ya Wamarekani. Asiyeijaza anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote, pamoja na yale ya Mbagala na Temeke ambayo Marekani haina haki nayo. Kwenye mfano wetu, dola 58 zingekatwa karibu 14 badala ya 6. Na fomu haidumu milele: inaisha nguvu mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya ule uliosainiwa, kisha unaijaza upya.

Kosa la mwisho katika kundi hili ni la umiliki. Chaneli nyingi zilifunguliwa kwa barua pepe ya kijana mmoja mhariri. Akikorofishana na mwajiri anaondoka na nywila, na miaka minne ya kazi inaondoka naye. Chaneli ya kampuni inapaswa kukaa kwenye akaunti ya chapa, yenye wamiliki zaidi ya mmoja, wengine wakipewa ruhusa ndogo zaidi.

Sasa upande wa pili, na sitaki kuupunguza.

Hakuna hesabu inayohalalisha kamera usoni mwa mjane. Mnada haukumlazimisha mtu kuingia chumbani walikokaa wanawake wa familia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata bila sheria, utu wa kawaida wa Kiswahili unajua wapi pa kubisha hodi. Wahariri wanaolalamika wana hoja nyingine pia: magazeti pendwa yalikuwepo kabla ya YouTube. Ijumaa, Uwazi na Risasi, ya Global Publishers, yaliuzwa kwenye taa za barabarani kwa vichwa vya kuvutia bila mnada wa Google. Kama tamaa ya udaku ni ya zamani kuliko mashine, kuitupia mashine lawama zote ni kumpa mwandishi pa kujificha.

Wanaongeza kwamba uchaguzi upo. Simulizi na Sauti imejenga jina kwa mahojiano marefu ambayo mtu anakaa nayo kwa hiari. Chaneli za magazeti makubwa zinaweka vichwa vinavyosema kilichomo. Ikiwa wao wanaweza, wengine wanashindwaje? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba mahojiano marefu ndiyo kitu pekee ambacho mnada na weledi vinakubaliana: ni ya bei nafuu kutengeneza, yanazidi dakika nane bila kulazimisha, hayaonyeshi damu, na mtu wa ughaibuni anayapenda. Chaneli za magazeti nazo zina gazeti linalobeba sehemu ya mishahara. Hizo ni njia mbili halisi za kutokea. Hakuna kati yake inayomfikisha mwandishi Rufiji.

Hoja nzito zaidi ya wakosoaji ni ya uwajibikaji. Gazeti likikukosea unajua ofisi yake ilipo. Chaneli iliyofunguliwa jana kwa jina la "Habari Moto" unaipelekea wapi barua ya kutaka kusahihishwa? Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Machi 2018 zilikuja na jibu: leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), jina, anwani, wajibu wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, leseni ya awali 1,000,000, na ya kila mwaka 1,000,000. Baadaye, katika marekebisho ya mwaka 2022, ada zilipunguzwa.

Lakini turudi kwenye meza ya hesabu. Kwa viwango vya mfano wetu, shilingi 2,100,000 za mwaka wa kwanza ni video zilizotazamwa zaidi ya mara milioni 1.6, zilipie karatasi tu. Gharama isiyobadilika ikipanda, mtu anaongeza wingi wa bidhaa ya bei rahisi. Mama lishe anaijua kanuni hii kuliko wachumi. Leseni iliyokusudiwa kuleta nidhamu ilikuja na msukumo wa majirani wengi zaidi na Rufiji chache zaidi. Sisemi isingekuwepo. Nasema usajili na ada ni vitu viwili, na kilichohitajika ili mwananchi apate pa kulalamika ni usajili. Tena kanuni za aina hiyo hiyo, zilizochukua nafasi ya zile za 2018, zimetumika kufunga midomo ya vyombo makini: Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zilisimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni mjongeo, nao ni watu wenye ofisi, wahariri na vyeti vyote.

Vyeti pia vina mipaka. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilileta ithibati, na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari imeanza kazi yake. Mwandishi mwenye stashahada ataandika sentensi bora. Mnada hauulizi stashahada.

Kuna eneo moja ambalo YouTube yenyewe inafanana na wakosoaji, na wenye chaneli wanalielewa vibaya: maudhui yaliyotumika tena. Kuna hafla Ikulu, matangazo ya picha ni ya chanzo kimoja, chaneli thelathini zinayarusha kama yalivyo. Ukiomba kuingia kwenye malipo, mkaguzi anakuta nusu ya video zako ziko pia kwa wengine, anakukataa. Unaweza kukata rufaa ndani ya siku 21 au kuomba upya baada ya siku 30. Ukikataliwa tena, unasubiri 90. Watu wanadhani wameonewa kwa sababu ni wa Kiswahili. Mara nyingi dawa ni ya kawaida: mwandishi wako aonekane au asikike, hotuba ya dakika 40 ikatwe dakika nane zenye jambo na ufafanuzi wako kabla na baada, picha za kamera yako ziingie hata kama ni za nje ya ukumbi. Na wimbo wa bongo fleva unaopigwa kwenye spika za hafla uushushe wakati wa kuhariri. Content ID, mashine ya YouTube inayotambua kazi zenye hakimiliki, ikiutambua, mapato ya video nzima yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo kwa sekunde chache za nyuma ya maneno. Ikifika kwenye onyo rasmi la hakimiliki, matatu ndani ya siku 90 yanafunga chaneli.

Anayebanwa na YouTube anatafuta mdhamini wa moja kwa moja. Kwa miaka ya karibuni mdhamini aliyekuwa tayari kulipa haraka alikuwa kampuni ya kubeti. Tangu tarehe 19 Machi 2025 YouTube hairuhusu kuelekeza watu kwa maneno, nembo au kiungo kwenye tovuti za kamari ambazo hazijaidhinishwa na Google, hata kama zina leseni nchini. Mtangazaji aliyekuwa akitaja jina la kampuni mwanzoni mwa kipindi anaweza kupoteza video nzima. Kwa nchi yenye vijana wengi wanaokopa ili wabeti, mimi sitalilia sharti hilo. Lakini liliziba bomba moja kati ya machache, na bomba linalobaki ni bahasha. Mwandishi anayelipwa kwa video anafika kwenye mkutano wa kampuni au wa mgombea, anapewa "nauli" ya elfu hamsini, na hiyo peke yake inalingana na kutazamwa mara 38,000 kwenye mfano wetu. Hapo ndipo habari ya mtoa bahasha inatoka bila swali hata moja, na wakosoaji wetu hawaioni kwa sababu haina duara jekundu.

Mimi hili la bahasha linanitisha kuliko jirani wa Sinza. Jirani anapoteza dakika zetu tisa. Bahasha inanunua ukimya.

Kinachoweza kubadilisha hesabu ni fedha isiyopitia mnada: udhamini wa mwezi mzima wa taarifa ya habari, kwa bei iliyokubaliwa, bila kujali ipi itapata njano. Kampuni moja ya Dar es Salaam ikilipa shilingi 1,300,000 kwa mwezi kwa taarifa ya kila jioni, imeipa chaneli sawa na kutazamwa mara milioni moja, na mwandishi anaweza kupanda basi kwenda Rufiji. Kampuni zenye uwezo huo zipo, na bado zinalipia kurasa za magazeti na sekunde za redio. Mameneja masoko wake ni miongoni mwa wanaolalamika kwa sauti kubwa kwamba TV za mtandaoni zimejaa upuuzi. Mwenye chaneli akienda ofisini kwao na pendekezo la taarifa ya habari makini, swali la kwanza analoulizwa, kabla hata ya chai, ni video zake zinapata watazamaji wangapi.